Baridi ya Norway, Ndege wa Kisiwa cha Kati

Paukwa!

Pakawa!

Wanangu wa Lorugum, leo nawasimulia habari za baridi. Najua mtashangaa. Hapa kwetu, mwezi wa Januari, jua la saa nane linamfukuza hata mbuzi mchangani. Hukimbilia kivuli cha mti wa ewoi asitoke mpaka saa kumi. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na mara nyingi joto la mchana hupita nyuzi 35. Mtoto wa huku hajaona maji ya mto yakiganda yakawa magumu hata watu wakayatembelea. Lakini baridi hiyo ipo, na kila mwaka inatuletea wageni. Wanakuja kwa maelfu, wanatua kwenye tope la Ziwa Turkana na kwenye fukwe nyeusi za kisiwa kidogo kiitwacho Kisiwa cha Kati. Wengine wanaufuata Mto Turkwel mpaka huku kwetu. Mmekwisha kuwaona, ila hamkuambiwa wametoka wapi.

Tuanze na baridi yenyewe. Usiku wa leo, chukua tunda la mkoma, lichome kijiti kipenye kutoka juu hadi chini, kisha ulizungushe kandokando ya koroboi. Kijiti usikisimamishe wima. Kiinamishe kidogo, na katika mzunguko wote ncha yake ya juu ielekee upande uleule mmoja, tuseme mlangoni. Utaona kwamba ukiwa upande mmoja wa taa, ncha ile inaiinamia taa na kuangazwa vizuri. Ukifika upande wa pili, ncha imeipa taa kisogo na iko gizani, hata ulizungushe tunda kwenye kijiti chake mara ngapi. Dunia yetu imeinama hivyo, nyuzi 23 na nusu, inapolizunguka jua. Mwezi wa Desemba, nchi za kaskazini zimelipa jua kisogo.

Sisi tuko karibu na kiuno cha tunda, nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, ndiyo maana mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Huko juu mambo ni mengine. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Adhuhuri ni mwanga hafifu wa saa chache, kisha giza. Theluji inafunika nyasi, maziwa yanafunikwa na barafu, na ardhi inakuwa ngumu hata mdomo wa ndege hauwezi kuipenya.

Hapo sikilizeni vizuri, maana watu wengi wazima hukosea. Ndege hakimbii baridi peke yake. Manyoya yake ni blanketi zuri kuliko letu. Anakimbia njaa. Wadudu wamekufa au wamejificha, tope limeganda, na yeye mdomo wake umeumbwa kudokoa kwenye tope laini. Nyinyi watoto wa wafugaji mnalielewa jambo hili kuliko mtoto wa mjini: akamu, yaani kiangazi, ikikaza na malisho yakiisha, wazazi wenu hawakai kulaumu jua, wanahamisha mifugo kuelekea milima ya Loima. Ndege naye anahama hivyohivyo, isipokuwa malisho yake yako bara jingine.

Watu wa Ulaya wenyewe walichelewa kujua. Waliona mbayuwayu wakitoweka kila mwaka baridi inapoanza, na baadhi ya wataalamu wao wakaandika kwamba ndege hao huzama kwenye tope chini ya maziwa na kulala humo mpaka joto lirudi. Kisha mwaka 1822, huko kaskazini mwa Ujerumani, karibu na kijiji cha Klütz, akaonekana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mshale mrefu. Mshale ule ulikuwa umepenya upande mmoja na kutokea wa pili, na bado ndege alikuwa hai, anaruka. Walipomwangua na kuuchunguza, wakakuta ni mti wa Afrika, umechongwa na mikono ya Afrika. Korongo yule alipigwa huku, akanusurika, akapita jangwa na bahari mpaka Ujerumani akiwa na mshale shingoni. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake haujatolewa. Huyo ndiye shahidi wa kwanza wa wazi kwamba ndege wa kaskazini hukaa Afrika wakati kwao ni baridi. Aliyerusha mshale hakuandikwa jina popote. Mimi hupenda kumfikiria, maana alisaidia kujibu swali la Ulaya nzima bila kujua.

Sasa tumfuate mmoja wa wageni wetu. Kati ya wote nimemchagua mdogo, chokowe. Ukikutana naye ufukweni unaweza kumpita bila kumtazama: mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, miguu myeusi, mdomo mweusi mfupi ulionyooka. Uzito wake ni kama gramu 25. Ndege arobaini wa namna yake ndio wanatimiza kilo moja.

Chokowe huzaliwa mwezi wa Juni au Julai kwenye nyika tambarare za kaskazini kabisa mwa dunia, kuanzia kaskazini mwa Norway hadi Siberia nchini Urusi. Wakati huo nchi hizo zimeinamia jua, na jua halitui usiku wala mchana. Mbu na wadudu hujaa kila mahali, na hicho ndicho chakula. Mama hutaga mayai manne chini, kwenye kishimo kidogo kati ya majani. Kifaranga akitoka kwenye yai hangoji kulishwa. Manyoya yakikauka tu anasimama, anakimbia, anajidokolea mwenyewe. Baada ya wiki chache tu anaruka.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilieleza nalistaajabia upya. Ndege wazima huondoka kwanza. Vijana wao hubaki nyuma wakila na kunenepa, halafu nao wanaondoka, bila mama wala baba wa kuwaonyesha njia. Ndege wa miezi miwili anaanza safari ya zaidi ya kilomita 7,000, yaani kama mara kumi ya barabara ya kutoka Lodwar mpaka Nairobi, kwenda mahali asipopajua, na anafika.

Anafikaje? Wanasayansi wamehangaika na swali hilo kwa miaka mingi. Wamegundua kwamba ndege wahamaji hutumia jua, hutumia nyota, na pia wanaihisi ile nguvu ya sumaku ya dunia inayoifanya sindano ya dira ielekee kaskazini. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Stephen Emlen aliwaweka ndege wadogo wanaosafiri usiku ndani ya jumba lenye dari la nyota za bandia. Alipozigeuza nyota, ndege nao waligeuza mwelekeo wao. Baadaye akaonyesha kwamba ndege mchanga hutazama anga ikizunguka usiku, akajifunza ni sehemu gani isiyosogea. Sehemu hiyo iko karibu na Nyota ya Kaskazini.

Nyota hiyo, wanangu, hapa Lorugum hamwezi kuiona kwa urahisi. Kule Tromsø iko juu sana, karibu na utosi. Kadiri ndege anavyokuja kusini ndivyo inavyoshuka nyuma yake, na anapofika kwetu imebaki nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho, imemezwa na vumbi na vilima. Lakini Jabari, yule mwenye nyota tatu zilizopangana kiunoni, anafanya kinyume chake: kadiri mgeni wetu anavyokuja kusini ndivyo anavyopanda. Usiku wa manane katikati ya Desemba, mtoto wa Norway anamwona Jabari chini upande wa kusini, juu kidogo ya theluji. Mtoto wa Lorugum aliyelala nje juu ya ngozi anamwona karibu na utosi wake, na Kilimia ziko hapo jirani. Watoto hao wawili wanatazama nyota zilezile saa moja na ileile, na kati yao kuna maelfu ya mabawa.

Njiani chokowe husimama. Hula, hulala, hujaza mafuta mwilini, kisha huruka tena. Na mbele yake kuna jangwa la kuvukwa. Ndipo linapotokea Ziwa Turkana: maji ya kijani kibichi yenye urefu unaokaribia kilomita 290 katikati ya nchi kavu, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani. Maji yake yana magadi, na hakuna mto utokao ndani yake. Yanayoingia hutoka kwa kupaa hewani kwa jua tu. Wataalamu wa ndege wamewahi kuhesabu humo zaidi ya chokowe 100,000 katika msimu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha samaki pale Kalokol, na wazee wa Kalokol bado wanakizungumza. Wanorway wenye mabawa walikuwa wakifika ufukweni hapo kabla ya kiwanda, na kiwanda kilipoacha kazi wao hawakuacha kuja.

Twende kisiwani. Kutoka Lodwar unashika barabara ya Kalokol, kama kilomita 60, halafu unapanda mashua kwenye ghuba ya Ferguson. Kisiwa cha Kati ni volkano iliyochomoza majini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 5 tu. Asubuhi moja inatosha kukitembea. Mchanga wake ni mweusi, umetokana na mawe ya moto wa zamani, na mahali pengine mvuke wenye harufu ya kiberiti bado unatoka kwenye nyufa. Ndani ya kisiwa kuna mashimo matatu makubwa ya volkano, na kila shimo limejaa maji, kwa hiyo ukisimama ukingoni unaona ziwa ndani ya kisiwa ndani ya ziwa. Moja linaitwa la Mamba, la pili la Flamingo, la tatu la Tilapia. Serikali ilikifanya kisiwa hiki hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mwaka 1997 UNESCO ikakiingiza pamoja na Sibiloi katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wenyeji wa kudumu wapo: mwari, mnandi, furukombe anayelia juu ya mti mkavu, makorongo warefu wa ziwani, na heroe ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Yupo pia ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu ambaye taya lake la chini ni refu kuliko la juu. Huruka chini kabisa huku ameliburuza taya hilo majini, likigusa samaki anambana. Na wapo mamba, wengi mno, wanaofukia mayai mchangani.

Kati ya hao wote chokowe anapita na maisha yake madogo. Lala kifudifudi nyuma ya jiwe, utulie, uwatazame. Wimbi likirudi ziwani, kundi zima linakimbia kulifuata, miguu haionekani kwa kasi. Wanadokoa, wanadokoa, wanadokoa. Vichwa vinapanda na kushuka bila kupumzika. Wimbi likija, wanarudi mbio bila kulowa. Kila kidoko ni kiluwiluwi cha mdudu, au kimnyama kidogo cha tope ambacho jicho lako halikioni. Furukombe akipita juu, wote wanaruka kwa pamoja, wanageuka hewani, matumbo meupe yanang'aa mara moja, kisha wanageuka tena na hawaonekani.

Hali ya hewa ya kisiwa hicho si ya kuchezea. Upepo wetu wa kusini-mashariki unatoka Bahari ya Hindi, unaingia kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, na hapo njia inakuwa nyembamba, kwa hiyo upepo unaongeza kasi. Mwaka 1982, J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha utafiti wao kuhusu upepo huo, na tangu hapo wataalamu wa hali ya hewa duniani wanaujua kwa jina la Turkana. Huvuma mwaka mzima, na nguvu zake ni nyingi zaidi usiku mpaka asubuhi. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani, na ndio unaopita na unyevu juu ya vichwa vyetu bila kuudondosha, sababu mojawapo ya ukame wetu. Mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Wavuvi wa Kalokol huutazama upepo kabla ya kuitazama mashua, nao ndio walimu wenu mkitaka kwenda kisiwani. Msiende bila wao.

Sasa swali la tope. Kwa nini chakula cha chokowe kipo wakati huohuo anapokihitaji? Jibu liko Ethiopia. Takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa huletwa na Mto Omo, na mvua kubwa ya milima ya Ethiopia hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Mafuriko yanashuka, ziwa linapanda na kulowesha ukingo. Kisha mvua inakoma, maji yanarudi nyuma taratibu, na ukingo wa tope lenye rutuba unabaki wazi. Wakati huo ndio ndege wanakuwa hapa. Mvua ya kule na baridi ya Norway zinakutana kwenye ukingo mmoja wa Turkana.

Mpango huu umeanza kutikiswa. Bwawa la Gibe III katika Mto Omo lilizinduliwa Desemba 2016, na bwawa huyazuia mafuriko na kuyaachia kidogokidogo kwa ajili ya umeme. Mashamba makubwa ya miwa nayo yanachota maji hayohayo. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za ziwa letu katika orodha ya maeneo ya urithi yaliyo hatarini. Kisha, tangu mwaka 2019 hivi, mvua nyingi zimelipandisha ziwa mpaka likameza nyumba na miti ya ukingoni. Ziwa linaweza kupanda na bado likawa hatarini: ndege huyu anahitaji maji yanayopanda na kushuka kwa zamu yake, na wavuvi pia wanahitaji hivyo, kwa sababu samaki huzaliana kwenye mafuriko yale.

Mwezi wa Aprili, chokowe anabadilika. Yule wa kijivu wa Desemba anaanza kuota manyoya ya rangi ya kutu kichwani, kifuani na mgongoni. Anakula mchana kutwa na ananenepa kupita kiasi. Wakati huo mayai ya mamba yanaanguliwa kisiwani na akiporo, msimu wa mvua, inaanza kuleta mawingu yake. Usiku mmoja kundi linainuka, na safari hii upepo wa kusini-mashariki uko mgongoni mwao. Kaskazini jua limerudi, theluji inayeyuka, mbu wanaamka.

Mtaniuliza: sisi tulio Lorugum, mbali na ziwa, tutaona nini? Mtaona mengi. Ndege mwembamba mwenye kifua cha manjano anayetikisa mkia kati ya kwato za mbuzi, akidaka nzi wanaoruka, huyo ni mgeni wa kaskazini. Mbayuwayu wenye koo jekundu wanaokaa kwenye nyaya jioni, wengi ni wageni. Keremkerem wanaopita juu kwa makundi mwezi wa Oktoba huku wakiita wametoka Ulaya na Asia. Kwenye vidimbwi vya Turkwel hutua jamaa za chokowe, wenye miguu mirefu zaidi.

Jambo la mwisho ni pete. Mwaka 1899 mwalimu wa shule nchini Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila moja na namba na anwani. Tangu hapo mamilioni wamevishwa. Hapa Kenya, kule Ngulia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, watafiti wamekuwa wakiwavisha wahamaji pete tangu mwaka 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wanaposhuka kwenye mwanga wa taa. Na Januari 2022, kule Siaya, alipatikana ndege mkubwa mla samaki akiwa dhaifu. Mguuni alikuwa na pete ya Finland. Namba ile ikaeleza alikotoka: kilomita 6,948. Walijaribu kumtibu lakini akafa. Hata hivyo safari yake ilijulikana, kwa sababu aliyemkuta hakumla wala hakumtupa, alitoa taarifa.

Kwa hiyo nawaomba, wanangu. Weka manati chini mgeni anapotua. Ukimkuta ndege amekufa na ana pete, andika namba na maandishi yote yaliyomo, andika tarehe na mahali, umpelekee mwalimu wako, naye aifikishe taarifa kwa maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori, au Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Akiwa hai, usiivue pete. Isome, kisha mwachie aende. Wageni wa kwanza huanza kufika mwezi wa Agosti. Tafuteni daftari na kalamu mapema.